Mtoto Hana Kona

4 Februari

Mdogo wangu wa pekee,

Kwanza uzima, mengine baadaye. U hai? Nakuuliza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama bado ina watu. Mimi nipo. Magoti yananilalamikia kila nikipanda ngazi, na uzi siku hizi hauingii kwenye sindano mpaka niuombe. Lakini meno yangu ya mbele yote ninayo, kwa hiyo usianze kunicheka.

Barua hii inaletwa na dereva wa lori la saruji, tunamwita Kofia. Tangu mwezi uliopita malori yanaruhusiwa kuvuka daraja mara mbili kwa wiki. Watu bado. Kofia ameniambia upande wa pili kuna dobi wa hospitali mwenye kovu kidevuni, anayegombana na kila mtu anayeleta mashuka bila kuyakunja. Nikacheka mpaka nikalia. Ni nani mwingine huyo? Kovu lile nilikutia mimi kwa mlango wa kabati, na mama alinichapa.

Sijui kama huko mmewahi kuiona ile picha. Huku iko kila mahali: kwenye stempu, kwenye madaftari ya shule, kwenye ukuta wa benki. Siku ile ya kuvuka, wakati wa vita, kumbe kulikuwa na mpiga picha. Nimegeuka nyuma juu ya daraja, mdomo wazi, na mgongoni nina mzigo nimeufunga kwa lile blanketi la mistari la Pini wangu. Chini wameandika, "Mama amwokoa mwanawe." Mimi ndiye Mama wa Daraja, mwenzangu. Nimepewa nyumba yenye bustani. Nikienda sokoni akina mama wananishika mkono.

Na mgongoni, wewe unajua, kilikuwa kichwa cha cherehani. Chuma chochote kilikuwa kinachukuliwa pale kizuizini, nikakifunga kama mtoto, na mtoto mwenyewe nikakupa wewe umbebe. Nilisema tutabadilishana ng'ambo.

Nilijaribu kuwaambia mapema kabisa. Ofisa wa kumbukumbu, tunamwita Bwana Miwani, alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani yake, akasema, "Mama, watu wamekwisha kumpenda huyo mtoto." Tangu hapo kila tarehe kumi na mbili Mei huniletea binti wa karani wake nisimame naye jukwaani. Ni msichana mzuri. Ananiita Mama kwa sababu ameambiwa.

Sasa niambie kitu kimoja tu, mengine sitaki. Pini yu hai?

Dada yako


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa. Mimi mzima, mikono tu imeharibika kwa sabuni ya hospitali, imekuwa kama ya mtu aliyekufa maji.

Barua yako nimekaa nayo kwenye mfuko wa aproni wiki tatu. Mara mbili ilitaka kuingia kwenye pipa la kuchemshia mashuka, na mara moja ni mimi niliyetaka kuitia.

Pini yu hai. Ana miaka ishirini, mrefu kukuzidi, ana kelele. Anafanya kazi kwenye karakana ya pampu za maji, wanawake wawili kati ya wanaume kumi na mmoja, na hao wanaume wanamwogopa. Jumamosi ananiletea ovaroli zake zimejaa mafuta ya mashine. Mimi niliyeshinda damu na iodini, mafuta yale yananishinda. Nikimlaumu anasema, "Mama, ukitaka nguo safi ungezaa mwalimu."

Umesoma hapo? Mama. Ndiyo mimi.

Sikia sasa, maana hukuuliza yaliyonipata. Wewe ulipita kwanza. Askari akatazama cheti chako cha kuvukia, akasoma kwa sauti, "Mama mmoja, mtoto mmoja," akatia alama. Nikafika mimi na Pini kifuani. Akasema, "Cheti chako hakina mtoto. Huyu wa nani?" Nikasema ni wa dada yangu, yule pale. Akacheka. Akasema yule wa kwake kamfunga mgongoni, nimekwisha kumtia alama. Kisha akakuita, sote tulisikia, "Mama! Huyu wako?"

Ukageuka. Nikaona mdomo wako umefunguka. Wakati huohuo milio ya bunduki ikaanza tena kule kilimani, watu wakapiga mayowe, nguzo ya kizuizi ikashushwa. Askari akanigeukia akauliza mara ya mwisho mtoto wa nani, na mwenzake alikuwa amekwisha kumtenga kando kila mtoto asiye na mwenyewe. Nikasema, "Wangu." Tangu siku hiyo ni wangu, kwa karatasi na kwa kila kitu. Sikuolewa kwa ajili yake. Homa zake zote nilizikesha mimi.

Miaka ishirini najiuliza ulisema nini pale. Kofia anasema huko kwenu watu husikia kilio kwenye picha ile, lakini mimi niliyekuwa hatua thelathini sikusikia. Ulijibu nini, dada? Niambie ukweli. Na Pini usimwandikie. Hajui lolote.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Nimepokea barua, nimeisoma nimesimama jikoni, maji yakachemka yakaisha. Yu hai! Nimetembea nyumba nzima nikisema "karakana ya pampu, karakana ya pampu" kama kasuku. Jirani akadhani nina wageni. Asante. Hata kama umeniandikia kwa hasira, asante, na mikono hiyo ipake mafuta ya nazi ukimaliza kazi, usiiache hivyo.

Umeuliza nilijibu nini.

Sikujibu kitu.

Nilifungua mdomo niseme ndiyo, ni wangu. Halafu nikakumbuka kwamba nikisema ndiyo, ataniuliza, na mgongoni una nini? Asubuhi ile ile tulimwona wote wawili yule mzee aliyekutwa amefunga redio mgongoni, walivyomkokota mpaka nyuma ya gari. Nikawaza wakifungua mbeleko yangu. Nikawaza cherehani, kwamba bila cherehani huyo mtoto atakula nini. Niliwaza haya yote kwa muda wa pumzi moja, mdogo wangu. Pumzi moja! Nikasema moyoni, ngoja, ngoja kidogo, nitafute neno zuri. Nguzo ikashuka. Mpiga picha akapiga.

Watu wanakuja kutoka mbali, wanatazama ile picha na kulia. Wanasema haijapata kutokea picha yenye sauti kama ile. Hakuna sauti pale. Pale kuna mwanamke aliyeulizwa kama mtoto ni wake akanyamaza.

Blanketi wameliweka kwenye sanduku la kioo, Jumba la Kumbukumbu. Lina doa. Wameandika kibao, "Damu." Ni mafuta ya cherehani, yalivuja kwenye gurudumu. Dobi kama wewe ungejua kwa jicho moja. Mimi hupitishwa pale kila mwaka, nainamisha kichwa, wageni wanainamisha vyao. Nakaa ndani ya nyumba ile nzuri kama nguo iliyosahauliwa kwa fundi. Siwezi kutoka, siwezi kuvaliwa.

Sasa nina ombi. Mwaka huu ni wa ishirini, na wakubwa wa pande zote mbili wamekubaliana daraja liwe wazi siku moja, tarehe kumi na mbili, mchana tu. Wataitundika picha pale, kubwa kama nyumba. Mlete Pini. Sitaki kuitwa chochote. Nataka kumwona anavyotembea. Nikisha kumwona nitarudi zangu.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hali yangu nzuri. Mafuta ya nazi nimepaka, sasa mashuka yanateleza, asante sana.

Kuhusu ulichoniambia. Nilijua. Nadhani nilijua tangu siku ile, nilitaka tu ukiseme wewe. Nilikasirika siku nne, nikachana mashuka mawili ya wodi ya wanaume. Siku ya tano nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuambia, "Dada, usiiache cherehani, mtoto nipe mimi." Umesahau? Mimi sijasahau. Nimekulaumu kwa sauti kubwa ili nisijisikie mwenyewe.

Lakini ngoja nikwambie la Pini. Gazeti la huku limetoa picha yenu kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya sherehe. Kaileta nyumbani kafungia spana. Kaikunjua mezani, kaitazama wee, halafu akasema, "Mama, hicho si kitoto."

Nikamwambia acha upuuzi, ule chakula.

Akasema, "Tazama. Mtoto hana kona. Hapa juu kuna kona, hapa chini kuna kona, na hapa pembeni blanketi limekaa juu ya kitu cha duara. Hilo ni gurudumu. Na tazama mbeleko ilivyomkata bega, huyo mama amebeba chuma. Ningesema cherehani." Halafu akacheka peke yake, akasema dunia nzima imelilia cherehani. Dada, watu milioni ngapi wameitazama picha ile, maprofesa na nani, ikaja kugunduliwa na mwanangu juu ya meza yenye makombo!

Nilinyanyuka nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Sasa hawezi kukaa. Anataka kuja kuiona kwa ukubwa. Nikimkataza atauliza kwa nini, na yeye akianza kuuliza haachi. Basi nitamleta. Atavaa kitambaa cha kijani kichwani. Sharti langu ni hili: usimwambie. Nina yeye tu. Akitoka kwangu mimi ni dobi na pipa la maji moto. Najua ni ubaya kukuomba hivi, lakini ulinyamaza siku ile, nyamaza na hii moja kwa ajili yangu.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Umefika salama? Niliwaona mnaondoka, wewe umemshika mkono kama mtoto wa chekechea naye anakuburuta. Umenenepa, umependeza. Hatukusalimiana.

Wewe ulibaki nyuma ya kamba, hukusikia yaliyosemwa. Nakuandikia yote, usije ukasikia kwa mwingine.

Nilikuwa jukwaani, binti wa karani kulia kwangu, Bwana Miwani kushoto. Nikakiona kitambaa cha kijani kinapasua watu. Anatembea kama baba yake Mungu amrehemu, bega moja mbele. Nilimjua kabla ya kitambaa. Nikabana mikono yangu ikauma.

Akafika mpaka chini ya jukwaa. Akaniamkia vizuri, umemlea. Akasema, "Mama, samahani, naomba kuuliza. Ile cherehani ilipona?"

Watu walioko karibu wakacheka, wakadhani ni mpuuzi. Mimi nilimtazama machoni nikasema, "Ilipona. Bado inashona." Ni neno la kwanza la kweli nililosema juu ya picha ile mbele ya watu. Bwana Miwani hakulielewa, alikuwa anatabasamu kwa wageni.

Akaguna kidogo, kama fundi anayeona kipimo chake kimekaa sawa. Nikadhani yameisha. Kisha akauliza, taratibu, bila mzaha, "Na mtoto je?"

Bwana Miwani akawahi. Akamshika binti wa karani mabegani akamsogeza mbele, akasema, "Mtoto ndiye huyu, amekuwa mtu mzima! Sivyo, Mama?"

Pini akanitazama mimi. Hakumtazama yule binti hata kidogo. Alikuwa anasubiri nijibu.

Nilikuwa nimekuahidi. Najisemea hivyo, nilikuwa nimeahidi. Lakini wewe hukuniomba kusema uongo, uliniomba kunyamaza, na mimi nilitikisa kichwa kukubali. Nilisema ndiyo kwa kichwa, kwa mtoto wa mwingine, mbele ya wangu. Mdogo wangu, nimemkana mara ya pili na safari hii hakukuwa na askari wala bunduki. Kulikuwa na viti vya plastiki na soda.

Alisema nini njiani? Niambie hata kama ni baya.

Dada yako


22 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka. Wakubwa wamegombana baada ya sherehe, eti bendera ya nani ilikuwa juu. Daraja linafungwa kabisa Ijumaa, hata kwa malori. Kofia anafanya safari ya mwisho kesho.

Njiani hakusema kitu. Pini, kunyamaza! Nikajua kumeharibika. Tulipofika nyumbani akavua kitambaa, akakaa, akasema, "Mama, yule mama amegeuka anatazama nyuma. Kama mtoto alikuwa mgongoni, alikuwa anamtazama nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo wa kila aina, nimeutunza miaka ishirini, umekaa umepigwa pasi. Nikaona sina nguvu ya kuuvaa. Nikamwambia yote, na la mimi kukuhimiza ubebe cherehani nikamwambia.

Hakulia. Alitoka akaenda karakana, ilikuwa siku yake ya mapumziko, akafungua pampu nzima akaifunga tena. Aliporudi akaniuliza, "Leo tunakula nini, Mama?" Dada, nililia mimi. Kumbe hakuna aliyekuwa anakwenda popote. Niliogopa bure miaka yote ile, na kwa woga wangu nikakufunga mdomo wewe.

Amekuandikia hapa chini. Sikumwambia aandike nini.

Mdogo wako

*Mama mkubwa, shikamoo. Nakuita hivyo kwa kuwa sijui bado nikuiteje. Kwa cherehani sikulaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, na ningeifunga vizuri zaidi, kona zisionekane. Kwa kunyamaza darajani siku ile ya vita sikulaumu, uliogopa. Lakini juzi ulinitazama ukatikisa kichwa kukubali. Barua nzuri sizitaki, usiniandikie kwamba unanipenda. Siku utakayosema kwa mdomo wako, mbele ya watu, tutaanza upya. Kabla ya hapo mama ninaye mmoja, na sasa hivi ananifulia ovaroli. Pini.*


9 Juni

Wapenzi wangu wawili,

Hamjambo? Mikono inaendeleaje, na pampu? Mimi sijambo. Barua hii haina wa kuipeleka. Kofia sasa anabeba mchanga upande wa huku na hata darajani hafiki. Naiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini, siku njia ikifunguka iwe tayari.

Pini, nimesema.

Siku nne baada ya barua yako nilifunga cherehani mgongoni kwa mbeleko, nikaenda nayo Jumba la Kumbukumbu saa nne asubuhi, wakati wanafunzi wanaletwa. Mgongo nusura unikatike, sina tena miaka ishirini na sita. Mwongozaji alikuwa anawaonyesha doa. Akasema, "Hii ni damu." Nikasema, "Hayo ni mafuta." Nikaiteremsha cherehani, nikaifungua mbele yao, nikawaambia waguse gurudumu kwa kidole wanuse. Nikawaambia mtoto alikuwa wapi na nani alimbeba. Nikawaambia nilipoulizwa kama ni wangu nilifanya nini. Mwalimu wao alitaka kuwatoa, hawakutoka. Mtoto mmoja wa kike akaniuliza kama wewe bado unanikasirikia. Nikasema ndiyo, na ana haki.

Bwana Miwani alifika nyumbani jioni na daktari. Hawakugomba, walikuwa wapole, na upole ule uliniogopesha. Gazeti likaandika Mama wa Daraja anapumzika, uchovu umemchanganya. Binti wa karani sasa anasimama peke yake. Kibao cha damu kimesafishwa, kinang'aa. Ile nyumba nimeondolewa, nipo chumba kimoja nyuma ya duka la vifungo, na jumbani mlinzi ana picha yangu ili asiniingize. Ni ile ile picha, jamani. Nimezuiwa kwa picha yangu mwenyewe.

Kwa hiyo hakuna anayeniamini, Pini. Nilidhani nikisema mlango utafunguka. Nimesema, na mlango uko palepale.

Lakini kizuizi ni barabara ya wote. Kila asubuhi nabeba kiti na kazi yangu, nakaa pale upande wetu, nashona. Anayeuliza namsimulia. Askari wa zamu ni kijana, hakuwa amezaliwa mwaka ule. Siku ya kwanza akaniuliza, "Mama, unatafuta nini hapa?" Nikamwambia mwenzako mmoja aliniuliza swali zamani, sikumjibu, nimekuja kumjibu. Akasema, basi jibu uende nyumbani, jua kali.

Nikasimama, nikageuka upande wenu, nikafungua mdomo. Sauti ilitoka, mdogo wangu. Ilitoka mpaka ndege wakaruka kwenye nguzo. Nikasema, "Ndiyo, ni wangu! Na aliyembeba ni mdogo wangu!"

Sasa nasema kila siku kabla sijakaa. Yule kijana amezoea, akiniona nakuja ananiwekea kiti kivulini. Daraja lina hatua mia mbili na arobaini na upepo mara nyingi unavuma kuja huku. Sijui kama sauti inafika.

Dada yako, na kwako Pini, mama mkubwa, mpaka utakaposema vingine